Daktari wa Pleti za Kuyeyuka

Sijui Daktari alizaliwa wapi. Kwa miaka kumi na mmoja niliyofanya kazi karibu naye sikuwahi kumsikia akisema, na mtu akimwuliza alijibu, "Hospitalini," halafu akaomba chai. Kwa hivyo atakayetaka habari za ukoo wake akamwulize mwingine. Mimi ninachojua ni mikono yake, mdomo wake, ukali wake wa bure, na paji la uso la binti yangu.

Nianze na hilo la mwisho, maana bila hilo nisingekaa chini kuandika. Nyambura alipokuwa na miaka mitano, punda wa kubeba maji alimpiga teke nyumbani kwa cucu yake, mama ya baba yake, kule Gatuanyaga. Mfupa wa paji lake juu ya jicho la kulia ulivunjika ukabonyea ndani. Daktari aliuinua na kuushikilia kwa pleti ndogo ambazo si chuma. Ni za kitu kinachofanana na plastiki, ambacho mwili hukiyeyusha pole pole mpaka kikaisha chenyewe. Tangu siku hiyo nililala na swali moja na kuamka nalo: pleti zikiisha, paji la mwanangu litabaki mahali pake, au litarudi shimoni?

Daktari alikuwa mpasuaji wa mifupa ya uso na fuvu katika hospitali moja ya Thika. Mimi kazi yangu ilikuwa kutakasa vifaa vya thieta. Mikasi, koleo na vyuma vya kila namna vinatoka na damu, tunaviosha, tunavifunga kwa kitambaa, tunavitia kwenye mashine ya mvuke, vinarudi salama. Nilikuwa natoka Gitothua, Ruiru, kukiwa bado na umande, na saa moja asubuhi nilikuwa nimeshavaa gambuti.

Alikuwa mkali kwa mambo yasiyo na maana. Ukiweka kikombe chake mahali pa kikombe cha mtu mwingine, siku imeharibika. Wakati mmoja alimtoa thietani daktari mwanafunzi kwa sababu viatu vyake vilikuwa vikilia sakafuni. "Enda ununue viatu vyenye adabu," alimwambia, na kijana wa watu akaenda kununua kweli. Lakini siku msaidizi wake alipoangusha drili katikati ya upasuaji, Daktari alisema tu, "Leteni ingine," kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Sisi wafanyakazi tulishamsoma. Akipiga kelele, hakuna shida. Akinyamaza, omba Mungu.

Alipiga marufuku mazungumzo thietani, hata ya mpira, lakini yeye mwenyewe aliimba. Aliimba nyimbo za kanisa, tena vibaya, akichanganya ubeti wa wimbo huu na wa wimbo ule. Sista mkuu wa thieta, mama mcha Mungu wa Gatundu, alikuwa akifumba macho kwa uchungu. Hakuna aliyethubutu kumrekebisha.

Watu wazima aliwashika taya bila hata salamu, kama mtu anayechagua mbuzi sokoni. Watoto aliwaomba ruhusa. "Mkubwa, naomba nishike shavu lako," alikuwa akimwambia mtoto wa miaka miwili, halafu anangoja. Nilimwona akingoja muda mrefu, ameinama, mgongo unamuuma, mbele ya mtoto aliyekuwa anamtazama tu huku ananyonya kidole. Foleni nje imefika getini. Hakumgusa mpaka mtoto alipotikisa kichwa kukubali, na mimi nadhani yule mtoto alikuwa anafukuza nzi.

Sasa niseme aibu yangu. Pleti za kuyeyuka zilipofika hospitalini kwetu mara ya kwanza, kwenye pakiti zake zilizofungwa, katoni ilikuwa imepondeka njiani na ina vumbi. Maelezo yalikuwepo, kwa maandishi madogo, na mimi sikuyasoma. Nilichoona ni vumbi. Na mimi usafi wa watu nisiowajua siuamini. Nikafungua pakiti moja, nikaifunga pleti kwa kitambaa changu, nikaitia kwenye mvuke pamoja na vyuma vingine, nikaenda kunywa chai nikiwa nimeridhika kabisa. Niliporudi nikafungua mlango wa mashine. Pleti ilikuwa imejikunja na kushikana na kitambaa, kama mfuko wa nailoni ulioachwa kando ya jiko.

Pleti ile ilikuwa ya mtoto aliyevunjika taya, na upasuaji wake ulikuwa kesho yake. Daktari alikuja mwenyewe. Akaishika ile takataka, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, na hakusema neno. Nikajua nimekwisha.

"Nani alikufundisha kutoamini mtu?" akaniuliza mwishowe.

"Ni wewe, Daktari."

Na ilikuwa kweli. Ni yeye aliyekuwa akituhubiria kila Jumatatu kwamba kitu ambacho hukukitakasa wewe mwenyewe ni kichafu. Akatazama nje tena. Matroni alipoingia, akiwa tayari na kalamu mkononi, Daktari akamwambia, "Niandike mimi. Sikumweleza." Kisha akashuka wadini, akamwambia mama ya yule mtoto kwamba upasuaji umeahirishwa na kwamba kosa limetokea upande wetu. Mama akafoka. Daktari akasimama akafokewa mpaka mwisho, jina langu hakulitaja. Pleti nyingine ilichukua siku nane kufika, na siku zote nane nilikuwa nikimpelekea yule mtoto uji wa wimbi kutoka nyumbani. Taya lake lilishika vizuri, namshukuru Mungu. Tangu hapo Daktari aliniita Mama Mvuke, mbele ya kila mtu.

Adhabu yangu ilikuwa kusimama ukutani thietani nitazame. Palikuwa na bakuli la maji safi ya moto, si ya kuchemka. Daktari alitumbukiza pleti humo kwa muda mfupi huku akiimba, ikatoka imelegea, akailaza juu ya mfupa na kuikanda kwa vidole mpaka ikafuata umbo lake, na ilipopoa ikakaza. Kwenye matundu ya mfupa alichonga kwanza njia ya skrubu kuzungukia, taratibu, kwa sababu zile skrubu nazo ni za kuyeyuka na ukizilazimisha zinavunjika shingo. "Umeona?" akaniambia bila kugeuka. "Maji yangu yanailainisha. Mvuke wako unaiua."

Wazazi wengi hawakuzipenda. Walitaka chuma, kitu ambacho mtu anakijua. Mzee mmoja wa Ruiru alimwambia wazi, "Daktari, mimi siwezi wekea mtoto wangu kitu cha kuisha. Kwani unamjenga na barafu?"

"Wewe unakaa wapi?" Daktari akamwuliza.

"Hapo Ruiru."

"Hayo maghorofa yanajengwa huko kila siku, si unaona yamefungwa miti nje? Wakimaliza, ile miti huwa wanaiacha hapo?"

"Ah, hapana. Wanaitoa."

"Basi hii inajitoa yenyewe. Mtoto anakua, mzee. Fuvu linapanuka, chuma hakipanuki. Nikimwekea chuma, itabidi nimfungue tena nikitoe. Unataka nimfungue mara ngapi?"

Mzee akakuna kichwa. Daktari akaongeza neno alilolipenda kuliko yote, "Halafu mfupa ni mvivu. Ukiushikilia maisha yake yote, hautafanya kazi." Nilimsikia akilisema hilo mara nyingi mno. Alilisema hata kuhusu wanafunzi wake, na mara moja kuhusu mimi.

Kwa hiyo siku Nyambura alipoletwa kutoka Gatuanyaga kwenye pikapu ya jirani, nilikuwa mtu anayejua yote hayo. Hayakunisaidia chochote. Nilisahau hata kufungua mkanda wa aproni. Mwanangu alikuwa anapumua, ananijua, ananiita, lakini upande mmoja wa uso haukuwa wake.

Cucu yake alikataa kukaa. Kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, kwa hiyo mama mkwe wangu naye ni Nyambura, naye humwita yule mtoto "mami" kama vile mtoto ndiye aliyemzaa yeye. Nguo yake ilikuwa na vumbi mpaka kifuani. "Ngai, ni mimi nilimwacha hapo," alikuwa akirudia. "Niligeuka tu nifunge mtungi. Ni mimi." Nitasema ukweli, kwa saa ile sikumfariji. Nilimkasirikia, na alijua.

Daktari alikuwa na mazoea ya kuomba picha ya mgonjwa ya kabla ya ajali. Alikuwa akiibandika ukutani thietani, akiitazama kama mtu anayesoma barua. Nikatafuta kwenye simu. Picha zote za Nyambura, kila moja, ama amevaa mavini, ile kofia ya sufu, imeshuka mpaka kwenye nyusi, ama ametoa ulimi na kukunja uso wote. Hakukuwa na hata moja ya paji lake likiwa limetulia. Mtoto wangu mwenyewe, na sikuwa na picha ya uso wake.

Hapo cucu akasogea. "Daktari," akasema, "si ni mimi huyu? Hata kanisani wanasema alininyang'anya uso. Shika hapa kwangu."

Nilidhani Daktari atamfukuza. Akamtazama mama yule, akatazama kitanda, akarudi kumtazama. Kisha akavuta kiti, akanawa mikono kama mtu anayekwenda kupasua, akafumba macho. Akapitisha vidole gumba juu ya nyusi za mama mkwe wangu, kutoka katikati kwenda pembeni, mara nyingi, akaenda upande wa kushoto wa Nyambura ambao haukuumia, akarudi tena kwa cucu. "Upande wake mzima utanionyesha mengi," akasema. "Palipobaki nitakukumbuka wewe." Cucu alikuwa analia bila sauti na bila kusogeza kichwa, kwa sababu aliambiwa asisogee. Hasira yangu iliishia hapo. Sijui ilikwenda wapi.

Mimi alinikataza kabisa kuingia thietani. "Leo wewe ni mzazi. Mvuke tuachie." Aliingia na daktari wa ubongo aliyetoka Nairobi. Nikakaa chumba cha vifaa, upande wa pili wa ukuta, na mume wangu na mama yake. Muda mrefu hakukusikika kitu. Nimesema tayari maana ya Daktari kunyamaza. Nilihesabu vigae vya ukuta, nikavihesabu tena. Kisha, kupitia ukutani, nikasikia wimbo wa kanisa ukiimbwa vibaya, ubeti wa pili umeingia ndani ya wa kwanza. Maji yamepata moto. Mfupa umeshainuliwa, sasa anakanda pleti. Nikamshika cucu mkono, nikamwambia, "Anaimba," naye hakuelewa kwa nini nacheka.

Walikata ndani ya nywele, kutoka sikio hadi sikio, ili kovu lisionekane. Uvimbe uliposhuka, uso ulikuwa wa Nyambura. Nilipumua. Lakini pumzi ile ilikuwa ya mkopo, kwa sababu uso ule ulikuwa umeshikiliwa, na kinachoushikilia kimeanza safari yake ya kuondoka.

Mwezi wa kumi baada ya upasuaji, donge likatokea juu ya jicho la kulia. Dogo, laini, kama haragwe chini ya ngozi. Nilikuwa kazini, mume wangu akampeleka Nyambura kliniki moja hapo Ruiru, wakampiga eksirei. Nilipofika nyumbani jioni nilimkuta ameishikilia ile picha kwenye taa.

"Wewe kuja uone," akasema. "Kuna pleti hapa? Niambie iko wapi. Yule wa picha amesema hakuna kitu. Ni mfupa tu na vitundu."

"Zinayeyuka, Baba Nyambura."

"Zinayeyuka kwa miezi kumi? Si alisema mwaka moja, miwili? Tulidanganywa. Hawakuweka kitu, na sasa ona inafura."

Ningepaswa kumjibu. Mimi ndiye wa thieta. Lakini mtu akiwa mzazi elimu yake inajificha. Usiku kucha nilimwona Daktari akija na ile pleti niliyoiua mimi, iliyojikunja, na nikajiuliza kama kweli kuna kitu kiliwekwa. Namuomba msamaha kwa hilo. Asubuhi nilimfuata mpaka mlangoni mwa ofisi yake nikamtupia bahasha ya eksirei mezani. Sikumsalimia.

Akaitoa, akaitazama. Sikusikia kelele, nikaogopa. Akavuta droo, akatoa bahasha ndogo iliyoandikwa jina la Nyambura. Ndani mlikuwa na kipande alichokikata kwenye pleti yake siku ile, kisichozidi ukucha. "Funguo zako ziko wapi?" akauliza. Nikampa. Tukateremka chumba cha eksirei, akaweka funguo zangu na kile kipande kando kwa kando, akaamuru vipigwe picha.

Picha ikatoka. Funguo zangu zilionekana nyeupe kabisa, meno yote, hata ule wa kufuli ya choo. Kando yake hapakuwa na kitu. Kile kipande kilikuwa pale mezani, nakiona kwa macho yangu, na kwenye picha hakikuwepo.

"Eksirei haizioni," akasema. "Tangu siku ya kwanza haizioni. Hivyo vitundu ni mahali zilipokaa skrubu zangu. Hilo donge ni mwili unakula kilichobaki. Nipe miezi mitatu. Likiwa na joto au likiwa jekundu, niletee hata kama ni Jumapili." Halafu akanirudishia funguo. "Na useme habari ya asubuhi, Mama Mvuke."

Donge lilikwisha kabla mvua ndefu hazijaisha. Niliamka siku moja nikipitisha kidole kama kawaida wakati mtoto amelala, na kidole hakikukutana na kitu. Nikakaa kitandani kwake nikalia kwa raha, ile ya mtu aliyetua mzigo na bado mabega yanadhani upo.

Mwaka huo huo Daktari alipatwa na kiharusi. Mkono wa kushoto ukafa nusu. Aliondoka hospitalini bila keki wala hotuba, na kikombe chake kilibaki kwenye rafu. Hakuna aliyediriki kukitumia. Ukaguzi wa mwisho wa Nyambura ulifanywa na daktari mwingine, mwanamke kijana mchangamfu, aliyepima, akalinganisha, akasema, "Pleti zimekwisha, mfupa umeshika, unakua sawa pande zote. Msirudi." Nikawanunulia wadi nzima mandazi. Namba ya Daktari nilikuwa nayo. Nikasema nitampigia nikifika nyumbani. Kisha nikasema Jumapili. Raha inasahaulisha kuliko shida, na hilo ndilo kosa langu la pili kwake, na ni kubwa kuliko la kwanza.

Miaka ikapita. Mwezi uliopita niliingia duka la dawa za mifugo pale Ruiru na Nyambura, ambaye sasa ana miaka kumi na miwili, anatoka shule, tunatafuta dawa ya vifaranga. Juu ya gunia la chakula cha kuku alikuwa ameketi mzee, anamfokea muuzaji kwa sababu ya kuweka mizani mahali pabaya. Sauti ile niliijua kabla sijaona uso.

"Daktari."

Alinitazama muda. "Mama Mvuke." Kisha macho yake yakahamia kwa binti na yakabaki hapo. "Huyu ni nani?"

"Ni Nyambura. Yule wa punda."

Akanyamaza.

"Hamkupiga simu," akasema. "Nilijiambia, mambo yakienda vizuri, huyo mama atanipigia, mdomo wake haujui kunyamaza. Hukupiga. Basi nikajua paji limeanguka." Akafuta midomo kwa mkono wake mzima. "Alikuwa mdogo sana. Sikuwa nimewahi kumwekea mtoto mdogo hivyo. Sikukuambia."

Nyambura ndiye aliyepiga hatua, akainama mbele ya gunia, akashika nywele zake na kuzirudisha nyuma. Daktari akaleta mkono wa kulia. Kidole gumba kikaanza katikati, juu ya pua, kikaenda pembeni, kikarudi, kikaenda upande wa pili, kikarudi. Akafumba macho akaanza upya. Watu wawili walikuwa wameingia wakasimama nyuma yetu wakingoja kuhudumiwa.

"Ilikuwa upande gani?" akauliza.

"Hata mimi sijui," Nyambura akasema. "Uliza Mum."

Daktari akaniangalia. Nikaonyesha kwa kidole, upande wa kulia. Akarudisha kidole hapo, akabonyeza, akatafuta, akabonyeza tena. Akatingisha kichwa.

"Sioni kitu," akasema, na sauti yake ikavunjika. "Basi sikuharibu."

"Hukuharibu, Daktari. Hukuharibu kitu." Nikapiga magoti pale kwenye unga wa mahindi uliomwagika, nikamshika ule mkono wa kushoto usiosikia vizuri, nikalia kwa sauti kama mtu aliye kwake.

"Mum," Nyambura akaninong'oneza, "watu wanaangalia."

"Wacha waangalie," nikasema.